Kulisha ao kutawala? Historia ya maneno machache ya Kiingereza

I. Kwa nini tunaandika juu ya jambo hili

Mapadri wengi wa inchi yetu walijifunza Kilatini na Kifaransa katika seminari. Siku hizi waseminari wengi wanasoma Kiingereza vilevile, maana majirani wetu wa mashariki wanakitumia, na vitabu vingi vya teolojia vinaandikwa katika luga hiyo. Basi, mtu anayefungua kamusi ya Kiingereza anaona jambo la kushangaza: kwa tendo moja la kumpa mwenzake chakula na kumtegemeza, Waingereza wana maneno saba ao zaidi. Wanasema « feed », wanasema « nourish », tena « nurture », « nurse », « foster », « sustain », « maintain ». Mseminari anauliza: Je, maneno hayo yote yana maana moja? Na kama sivyo, kila moja linafaa wapi?

Swali hilo laonekana kuwa la sarufi tu. Lakini tukifwata maneno hayo mpaka mwanzo wake, tutakutana na Papa mmoja mtakatifu, na mfalme aliyekuwa mtafsiri, na mwanamke wa mji wa York aliyeuawa kwa sababu aliwapokea mapadri nyumbani mwake. Tena tutakutana na swali linalotugusa sisi wenyewe: mchungaji katika Eklezia amewekwa kulisha, ao amewekwa kutawala? Ndiyo sababu tumeona vema kuyaeleza mambo haya kwa utaratibu.

II. Papa aliyelisha Roma

Tuanze Roma. Gregori Mkubwa alichaguliwa kuwa Papa mwaka wa 590. Wakati ule mji ulikuwa katika taabu kubwa. Mto Tiber ulikuwa umefurika na kuharibu ghala za ngano. Kiisha tauni iliingia, ikaua watu wengi, hata Papa Pelagio II mwenyewe. Walombardi nao walikuwa wakitisha inchi ya Italia kwa vita.

Eklezia ya Roma ilikuwa na mashamba makubwa, zaidi katika kisiwa cha Sicilia. Gregori aliyasimamia kwa uangalifu sana. Mwanzo wa kila mwezi aliwagawia maskini vitu kufwatana na majira: ngano, divai, jibini, mboga, nyama, samaki, mafuta. Majina ya waliosaidiwa yaliandikwa katika daftari kubwa. Yoane Shemasi, aliyeandika maisha yake katika karne ya 9, anasimulia kwamba siku moja maskini mmoja alikutwa amekufa katika kichochoro cha mji. Gregori alihuzunika sana hata akaacha kusoma Misa kwa siku kadhaa, kana kwamba yeye mwenyewe amemwua kwa mikono yake.

Papa huyohuyo, mwanzoni mwa upapa wake, aliandika kitabu juu ya kazi ya wachungaji, kinachoitwa « Regula pastoralis ». Humo anatupeleka kwa nabii Ezekieli, sura ya 34, ambamo Mungu anawakemea wachungaji wa Israeli. Gregori anaangalia zaidi wale wanaokunywa maji safi, kiisha wanayachafua kwa miguu yao, na kondoo hawana budi kunywa matope. Anaeleza kwamba wachungaji hao ni watu wanaojifunza ukweli wa Mungu vizuri, lakini mwenendo wao mbaya unaharibu yale waliyojifunza. Waseminari wayakumbuke maneno hayo: masomo ni maji safi, lakini miguu yetu yaweza kuyachafua.

Mwaka wa 596 Gregori aliwatuma Agostino na wenzake, watawa wa Roma, kuhubiri Injili Uingereza. Walifika katika inchi ya Kent mwaka wa 597. Mfalme Æthelberht alikuwa bado mpagani. Walakini aliwapa makao mjini Canterbury na chakula cha kuwatosha, akawaruhusu kuhubiri. Nyuma yake akabatizwa. Beda Mheshimiwa, aliyemaliza historia yake mwaka wa 731, hakusahau kuandika habari ya chakula hicho. Tuangalie vema utaratibu huo: mbele ya mfalme kulishwa Neno la Mungu, yeye aliwalisha wajumbe wa Neno. Wazee wetu nao, walipowapokea wamisionari wa kwanza, waliwatolea unga na kuku mbele ya kujua kama habari zao ni za kweli. Ukarimu ulitangulia imani.

III. Bwana ni mlinzi wa mkate

Mfalme Æthelberht aliwaandikisha watu wake sheria, na sheria hizo ndizo za kale kupita zote zilizoandikwa kwa Kiingereza. Humo mnapatikana neno « hlafæta », maana yake ni mla mkate. Neno hilo lilimtaja mtu anayekaa chini ya ulinzi wa mwenye nyumba na kula chakula chake. « Hlaf » ni mkate.

Sasa, mwenye nyumba aliitwa nani? Aliitwa « hlafweard », yaani mlinzi wa mkate. Kwa kusemwa upesi-upesi miaka mingi, neno hilo likafupika kuwa « hlaford », kiisha « lord ». Na mke wake aliitwa « hlæfdige », mwenye kukanda mkate, ndilo neno « lady » la leo. Basi katika nyumba ya Kiingereza ya zamani, kila mtu alijulikana kwa mkate: bwana anaulinda, bibi anaukanda, watumishi wanaula. Tena siku ya kwanza ya mwezi wa nane, Wakristu walipeleka kanisani mkate wa ngano mpya, na siku hiyo iliitwa « hlafmæsse », Misa ya mkate. Leo yaitwa « Lammas ».

Waingereza wa leo wanaposema « Lord », wachache tu wanakumbuka mkate. Lakini neno hilo ndilo wanalotumia kumtaja Bwana wetu Yezu Kristu, aliyezaliwa Betlehemu, na kwa Kiebrania Betlehemu ni nyumba ya mkate. Luga imechunga ukweli ambao wenye luga wameusahau. Ubwana wa kweli ulianza kwa kuangalia kwamba mkate usikose nyumbani.

Karibu miaka 300 nyuma ya Agostino, Waviking walichoma monasteri nyingi za Uingereza, na vitabu vikapotea. Mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala toka 871 hata 899, alisikitika kuona kwamba watu wachache tu walikuwa bado wanafahamu Kilatini cha Misa. Akajifunza yeye mwenyewe, akatafsiri « Regula pastoralis » ya Gregori katika Kiingereza, akawapelekea maaskofu wake. Nakala iliyopelekwa kwa askofu wa Worcester ingali mpaka leo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Alfred anaeleza kwamba mara alitafsiri neno kwa neno, mara alitafsiri maana kwa maana. Kila katekista aliyesimama karibu ya padri mgeni ili ageuze mahubiri yake katika luga ya kijiji anafahamu vizuri shida ya mfalme huyo. Na jina la kitabu aliligeuzaje? Aliandika « Hierdeboc », kitabu cha mchungaji wa mifugo. Alitaka watu wa shamba wafahamu mara moja kazi ya askofu ni kazi gani.

IV. Neno la shambani na neno la mezani

Sasa tufike kwenye maneno yetu yenyewe. Neno « feed » ni la Kiingereza cha kale. Katika luga ile, chakula kiliitwa « foda », na kumpa mtu chakula ni « fedan ». Twaweza kulinganisha na luga yetu: toka kula tunapata kulisha, nao toka « food » wakapata « feed ». Toka shina hilohilo kunatoka « fodder », majani ya mifugo, na « foster », kulea.

Wenye elimu ya luga wameonyesha tena jambo zuri. Mwaka wa 1822 Jacob Grimm wa Ujeremani alieleza kwamba pahali Kilatini kina herufi « p », Kiingereza na ndugu zake mara nyingi wana « f ». Kilatini « pater », Kiingereza « father ». Kilatini « piscis », Kiingereza « fish ». Kilatini « pes », Kiingereza « foot ». Kwa njia hiyohiyo, « feed » na « food » ni ndugu wa « pascere » ya Kilatini, ambayo ilizaa « pastor ». Basi pastor, kwa asili ya neno, ni mlishaji. Hakuna maana nyingine ya zamani kuliko hiyo.

« Nourish » lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka wa 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa walishinda vita vya Hastings, na Guillaume, mkubwa wao, akawa mfalme wa Uingereza. Toka siku zile, kwa miaka mingi, wakubwa walisema Kifaransa, na watu wadogo walisema Kiingereza. Alama ya mambo hayo imebaki katika maneno ya chakula mpaka leo. Ngombe akiwa shambani anaitwa « ox » ao « cow », maneno ya Kiingereza. Akiwa mezani anaitwa « beef », neno la Kifaransa. Kondoo shambani ni « sheep », mezani ni « mutton ». Nguruwe shambani ni « swine », mezani ni « pork ». Aliyechunga na kulisha alikuwa na neno lake. Aliyekula alikuwa na neno lake.

Kwa njia ya Wafaransa hao, karibu ya mwaka 1300, « nourish » likaingia katika Kiingereza, kutoka « nutrire » ya Kilatini. Na « nutrire » kwa asili ni kunyonyesha, ni kazi ya mama mwenye mtoto kifuani. Dada zake ni « nurse », lililotoka katika neno la kumtaja mwanamke anayenyonyesha, na « nurture », malezi. « Sustain » nalo ni « sustinere », kushika kutoka chini kitu kisianguke. « Maintain » ni « manu tenere », kushika kwa mkono.

V. Kila neno na kazi yake

Tukishajua asili, matumizi hayana shida tena. « Feed » ni tendo lenyewe la kutia chakula: watu wanamlisha mtoto, wanalisha mbuzi, hata moto wanaulisha kuni. Neno hilo halisemi kama chakula ni kizuri ao kibaya. « Nourish » lasema zaidi: chakula kimefika mwilini na kimeleta nguvu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa « fed » bila kuwa « nourished ». Mtoto anayekula bukari tupu asubui na jioni, bila maharagi wala samaki wala sombe, ameshiba, tumbo limejaa. Lakini nywele zake zinageuka rangi na miguu inavimba. Amelishwa, hakupata lishe. Tena Waingereza wanatumia « nourish » kwa mambo ya moyo: mtu aweza kukuza matumaini moyoni, aweza vilevile kukuza chuki.

« Nurture » ni kazi ya miaka mingi: kumlea mtoto, kukuza kipaji chake polepole. « Nurse » ni kunyonyesha, tena ni kumtunza mgonjwa. « Foster » ni kumlea mtoto asiye wako, ao kusaidia jambo jema likue. « Sustain » ni kumtegemeza mtu asianguke katika njia ndefu ao katika taabu. Neno hilo halisemi kwamba ameshiba, lasema kwamba angali anasimama. « Maintain » ni kumpa mtu mahitaji yake ya kila siku: chakula, nguo, nyumba.

Hivi mwanafunzi aweza kujiuliza maswali matatu. Natoa chakula tu? Aandike « feed ». Natazama faida ya chakula? Aandike « nourish ». Natazama miaka ya malezi? Aandike « nurture ». Wazee wa Waswahili walikwisha kuona tofauti hiyo waliposema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana.

VI. Biblia: kulisha ao kutawala?

Sasa tuingie katika jambo kubwa. Mwishoni mwa Injili ya Yoane, sura ya 21, Bwana anamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, na mara tatu anamkabizi kundi. Kigiriki kina maneno mawili pale. Mara ya kwanza na ya tatu ni « boskein », kulisha. Mara ya pili ni « poimainein », kufanya kazi yote ya mchungaji: kuongoza, kulinda, kutafuta aliyepotea, kumfukuza mbwa wa mwitu. Tafsiri ya Kilatini ya Vulgata iliandika « pascere » mara zote tatu. Wakatoliki Waingereza, walipotoa Agano Jipya mjini Rheims mwaka wa 1582, waliandika « feed » mara tatu. Tafsiri ya mfalme James ya mwaka 1611 nayo iliandika « feed » mara tatu. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka wa 1952 na inayoitwa Union Version imefwata Kigiriki: lisha, chunga, lisha.

Lakini « poimainein » hiyo, pahali pengine, iligeuzwa tofauti. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, mtakatifu Paulo anawaaga wazee wa Efeso na kuwakumbusha juu ya Eklezia waliyokabiziwa na Roho Mtakatifu. Kigiriki kina « poimainein ». Vulgata iliandika « regere », kutawala, kuongoza. Kwa hiyo Waingereza wa Rheims waliandika « rule », kutawala. Wale wa 1611 wakaandika « feed », kulisha. Vivyo hivyo katika Zaburi ya 22 ya Vulgata, ambayo kwa hesabu ya Kiebrania ni ya 23: Vulgata yasema kwamba Bwana anatawala, lakini mtakatifu Yeronimo, alipotafsiri zaburi upya kutoka Kiebrania, aliandika « pascit », analisha.

Je, nani alikosa? Tusiwe wepesi kuhukumu. « Poimainein » ina uongozi ndani yake, na « regere » kwa asili ni kunyoosha njia. Kundi bila mwongozo halifiki malishoni. Mchungaji asiye na fimbo hawezi kumzuia mbwa wa mwitu. Lakini fimbo ni kwa ajili ya malisho. Mtu akisoma « kutawala » peke yake, na kusahau neno ndugu yake, ataona cheo na hataona chakula. Hapo Eklezia inapata wakubwa wengi na kondoo wembamba.

Paulo mwenyewe alichagua mfano mwingine. Alipowaandikia Wathesalonike, sura ya 2, alijilinganisha na mama anayewanyonyesha na kuwatunza watoto wake. Kigiriki « trophos », Kilatini « nutrix », Kiingereza « nurse ». Na mara moja anawakumbusha kwamba alifanya kazi ya mikono usiku na mchana, asimlemee mtu. Katika Kiswahili tuna maneno mawili yanayokaribiana hapa, nayo yatupasa kuyaogopa: mnyonyeshaji na mnyonyaji. Yote mawili yanatoka katika kunyonya. Mmoja anatoa maziwa, mwingine anayavuta. Ezekieli aliwakemea wale wa pili.

VII. Siku ambazo kumlisha padri kulileta kifo

Mpaka hapa tumesema juu ya mchungaji anayelisha. Historia ya Uingereza yatufundisha upande mwingine pia.

Mtaguso wa Trento, mwaka wa 1563, uliwaamuru maaskofu kuanzisha seminari. Katika amri hiyo, neno la kwanza juu ya vijana watakaopokelewa ni « alere », kuwalisha na kuwakuza, kiisha kuwaelimisha. Toka « alere » Kilatini kilipata « alumnus », anayelishwa. Kwa hiyo seminari nyingi ziliwaita wanafunzi wao alumni. Mwaka wa 1568, William Allen alianzisha huko Douai seminari kwa ajili ya Waingereza. Inchi yao ilikuwa imeacha kumtii Papa, na Misa ilikuwa imekatazwa. Kundi hilo la walimu na wanafunzi lilihamia Rheims mwaka wa 1578, na huko mwalimu Gregory Martin alitafsiri Biblia tuliyoitaja.

Sharti tuseme ukweli wote. Karne ile damu ilimwagika pande zote mbili. Malkia Mary, aliyekuwa mkatoliki, aliwachoma moto Waprotestanti karibu 300 toka 1555 hata 1558. William Tyndale, aliyepiga chapa Agano Jipya la Kiingereza mwaka wa 1526, aliuawa Vilvoorde katika inchi ya Ubelgiji ya leo, mwaka wa 1536. Papa Pio V alipomtenga malkia Elizabeth mwaka wa 1570, serkali yake ilianza kumwona kila padri kuwa adui wa inchi.

Padri wa kwanza wa Douai aliyeuawa ni Cuthbert Mayne, mwaka wa 1577. Francis Tregian, mtu mwenye mali aliyempokea nyumbani, alinyanganywa mashamba yake na kufungwa miaka mingi. Kiisha, mwaka wa 1585, ikatoka sheria kali. Padri aliyepewa daraja ngambo na kurudi Uingereza ahesabiwe msaliti. Na mtu yeyote anayempokea, anayemsaidia na kumtegemeza, auawe vilevile. Kati ya maneno ya sheria hiyo mlikuwa « maintain », kushika kwa mkono. Neno zuri la upendo limeingizwa katika orodha ya makosa. Kumpa padri sahani ya chakula na pahali pa kulala kulikuwa sasa kosa la kunyongwa.

Margaret Clitherow alikuwa mke wa mwuza nyama katika mji wa York. Mumewe hakuwa mkatoliki. Yeye aliwaficha mapadri nyumbani, na Misa ilisomwa humo. Alikamatwa mwezi wa tatu wa mwaka 1586. Alikataa kujibu mashitaka mbele ya waamuzi, ili watoto na watumishi wake wasilazimishwe kutoa ushuhuda juu yake. Kwa sheria ya wakati ule, aliyekataa kujibu aliwekewa mizigo mizito juu ya mwili hata afe. Hivyo ndivyo alivyouawa siku ya 25 ya mwezi huo. Binti yake Anne aliingia utawa huko Louvain. Anne Line, mjane aliyetunza nyumba ya kuwaficha mapadri London, alinyongwa mwaka wa 1601. Papa Paulo VI aliwatangaza wote wawili watakatifu, pamoja na Cuthbert Mayne na wenzao, siku ya 25 ya mwezi wa kumi, mwaka wa 1970.

Wanawake hao hawakuhubiri katika kanisa. Hawakuandika kitabu. Waliwapa wachungaji chakula na kitanda, ili wachungaji wapate kuwapa watu mkate wa Mungu. Mkate wa nyumba na mkate wa altare ulikaa chini ya dari moja.

VIII. Na sisi?

Luga yetu si maskini katika jambo hili. Tuna kulisha, kulea, kunyonyesha, kutunza, kuchunga, kushibisha, kutegemeza. Waswahili wa pwani wanaongeza kuruzuku, ambalo ni la Mungu zaidi, maana yeye ndiye mwenye riziki. Kila neno lina pahali pake, na anayetafsiri sala ao mahubiri asiyachanganye. Katika Kiswahili chetu cha Kongo, kuchunga ni pia kulinda na kuweka kitu kisipotee. Hiyo ni maana nzuri, lakini peke yake haitoshi: mtu anachunga ghala kwa kufunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni. Kundi halichungwi hivyo. Ndiyo sababu yafaa tusiache kamwe neno kulisha tunapoeleza kazi ya padri.

Kwanza, tunasema na waseminari. Ninyi ni alumni, wanaolishwa. Chakula cha seminari kinatoka katika jasho la watu: mama aliyetoa kikapu cha mihogo, wakristu wa mashirika waliotoa franka zao, hata watu wa mbali wasiojua majina yenu. Asiyekumbuka aliyemlisha hatajua kulisha.

Pili, makatekista. Ninyi ndio mnaoketi na watu kila siku, wakati padri anapita mara moja kwa mwezi ao kwa miezi. Katekisimu inayosomwa bila kuelezwa ni kama bukari tupu: watoto wanajibu vizuri, wameshiba maneno, lakini imani haipati nguvu. Tafuteni mboga ya kuandamana nayo, yaani mfano, habari ya Injili, na maisha yenu wenyewe. Hapo watakuwa wamelishwa kweli.

Tatu, sisi mapadri. Siku hizi maparokia yanaambiwa yajitegemee, na ni haki. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili chakula chake. Lakini wakristu wanatazama. Wakiona kwamba michango yao inarudi kwa yatima, kwa mgonjwa, kwa mkimbizi aliyefika na kitenge kimoja tu, watatoa kwa furaha, hata katika shida. Wakiona kwamba inakwenda na hairudi, watasema kimya-kimya neno lile la kunyonya, na hatutaweza kuwakatalia. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika « Gaudium et spes » ya mwaka 1965, namba 69, ulirudilia onyo kali la Mababa wa Eklezia: anayemwacha mwenye kufa njaa bila kumlisha, amemwua. Neno la Kilatini pale ni « pascere », lilelile alilopewa Petro. Gregori alikwisha kulifahamu mbele ya yule maskini wa kichochoroni.

Basi, tukisoma tena sura ya 21 ya Yoane, tusianzie kwenye swali aliloulizwa Petro. Tuanzie mistari michache mbele yake. Wanafunzi wamefanya kazi usiku kucha, wamechoka, wana njaa. Wanapofika pwani wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana mfufuka amewapikia. Anawaita wale kwanza. Wakiisha kula, ndipo anamkabizi Petro kondoo zake.